Kidonda cha Sukari Kisichopona: Lini Tushuku Saratani ya Ngozi?

Kama uko jikoni, shambani, dukani au ndani ya matatu, tega sikio kwa dakika chache. Na kama nyumbani kwenu kuna mzazi, shangazi au jirani anayeugua kisukari na ana kidonda mguuni, mwite akae karibu na redio, maana mazungumzo ya leo ni yake.

Tumezungumza mara nyingi kuhusu jinsi mgonjwa wa kisukari anavyopaswa kutunza miguu yake: kuiosha, kuikausha katikati ya vidole, kuikagua kila jioni na kutotembea pekupeku. Leo tunakwenda hatua moja mbele. Je, kidonda kikiwa kimesafishwa, kimefungwa, dawa zimemezwa, na bado hakiponi, tufikirie nini? Wengi hujibu haraka: "Ni sukari tu." Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Lakini viko vidonda vichache vinavyoitwa vya sukari, kumbe ndani yake mna saratani ya ngozi.

Nasema vichache, na naomba neno hilo lisikike vizuri. Sitaki mtu azime redio na kulala na hofu kwa sababu ana kidonda cha mwezi mmoja. Ukiwakusanya watu wenye vidonda vya kisukari katika kliniki yoyote, walio wengi sana hawana saratani. Hata hivyo, yule mmoja aliye nayo anafanana na wenzake wote wanaokaa naye kwenye benchi, na hilo ndilo linalotuleta hapa leo.

Kwanza tukifahamu kidonda cha sukari chenyewe. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu ya miguu hupoteza nguvu na miguu hufa ganzi. Mtu hukanyaga msumari au mwiba asihisi. Nimemwona mama aliyetembea kutwa nzima na kizibo cha soda ndani ya kiatu, akakigundua jioni alipoona damu kwenye soksi. Pili, mishipa ya damu huwa myembamba na damu haifiki vizuri vidoleni. Tatu, kinga ya mwili hushuka, kwa hivyo viini hupata nafasi. Halafu mtu huyo huyo huendelea kukanyaga pale pale penye kidonda kwa sababu hapamuumi.

Kidonda cha namna hii kina tabia zake. Hupenda kukaa mahali panapobeba uzito au panapobanwa na kiatu: chini ya kidole gumba, kwenye unyayo, kisigino au ncha za vidole. Mara nyingi huwa cha mviringo kama shimo lililotobolewa, na pembeni kuna ngozi ngumu ya sugu. Ukikiondolea uzito, sukari ikashuka, na sugu ikakatwa na mtu anayejua kazi hiyo, nyama safi nyekundu huanza kujaa kutoka chini na kingo husogea ndani taratibu.

Hapo ndipo kalenda inapoingia. Kidonda cha sukari kinachotunzwa vizuri kinapaswa kupungua karibu nusu ya ukubwa wake katika wiki 4. Si lazima kiwe kimepona, lakini nusu iwe imekwenda. Kisipopungua hivyo, hiyo ni ishara kwamba kuna jambo halijaonekana, na mgonjwa anahitaji kuangaliwa upya tangu mwanzo, wala si kufungwa tu na kupewa tarehe nyingine ya kurudi.

Mara nyingi jambo hilo si saratani. Huenda kiatu ni kile kile kinachobana. Huenda viini vimeingia mpaka kwenye mfupa, na hapo picha ya eksirei inahitajika. Huenda damu haifiki mguuni, na daktari atapapasa mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Huenda sukari bado iko juu, au mgonjwa hali chakula cha kutosha cha kujenga mwili. Haya yote yachunguzwe kwanza. Lakini yakishachunguzwa na kurekebishwa, na kidonda kikafika miezi 3 bila kusonga mbele, kipande kidogo cha nyama yake kinapaswa kukatwa kikapimwe maabara. Na kikianza kubadilika sura, usingoje hata hiyo miezi 3.

Nisisahau hili. Kama kidole kimegeuka cheusi na baridi, kama wekundu au uvimbe unapanda mguuni, kama kuna usaha mwingi, harufu ya kuoza, homa au kutetemeka, hiyo si habari ya kalenda. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sasa turudi kwenye saratani. Inaingiaje ndani ya kidonda? Kuna njia zaidi ya moja, na ni muhimu kuzitofautisha, kwa sababu dalili zake hazifanani.

Njia ya kwanza ni kidonda au kovu la zamani kugeuka. Ngozi iliyojeruhiwa hujaribu kujiziba. Chembe za ngozi hugawanyika na kugawanyika zikitengeneza ngozi mpya. Kama kidonda hakifungi kwa miaka, au kovu linapasuka na kupona, linapasuka na kupona, kazi hiyo haiishi, na siku moja chembe zinaweza kuharibika na kuanza kukua bila mpango. Saratani ya aina hii huitwa kidonda cha Marjolin, kutokana na jina la daktari mpasuaji wa Ufaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliyeandika kuhusu vidonda vya makovu mwaka 1828. Hupatikana zaidi kwenye makovu ya kuungua. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba makovu kama 1 au 2 kati ya 100 ya kuungua ndiyo hugeuka. Kwa wastani huchukua takriban miaka 30, ingawa wengine wameipata upesi zaidi, hata ndani ya mwaka mmoja.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Watu weupe hupata saratani za ngozi zaidi usoni, masikioni na mikononi kwa sababu ya jua, na ndugu zetu wenye ualbino vivyo hivyo. Lakini kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, saratani inayotokana na tabaka la juu la ngozi mara nyingi hutokea mahali pasipopigwa na jua sana, hasa miguuni, juu ya makovu na vidonda vya siku nyingi. Wangapi kati yetu waliungua na uji, chai au moto wa kuni utotoni? Mtu kama huyo akija kupata kisukari akiwa na miaka 50, na kiatu kikachubua lile kovu, kila mtu atasema ni sukari.

Njia ya pili ni tofauti kabisa. Hapa si kidonda kilichogeuka saratani. Ni saratani iliyoanza yenyewe, ikapasuka, ikaonekana kama kidonda. Inaitwa melanoma, na hutokana na chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Wengi hudhani ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba Wazungu huupata zaidi, lakini sisi tukiupata, mahali unapopenda ni unyayoni, viganjani na chini ya kucha, kwa hivyo hatuwezi kuulaumu jua.

Wasikilizaji wengi wanampenda Bob Marley lakini hawajui kilichomuua. Mwaka 1977 alikuwa na kidonda chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alidhani ni jeraha la kucheza mpira. Kilipopimwa kikakutwa ni melanoma. Alifariki Mei 11, 1981 huko Miami akiwa na miaka 36, saratani ikiwa imeenea mwilini. Yeye hakuwa na kisukari. Lakini fikiria kama angekuwa nacho: nani angekitilia shaka kidonda cha kidole gumba?

Melanoma huwa na weusi, kahawia au buluu iliyochanganyika bila mpangilio, pengine doa lenye upande mmoja mzito na mwingine mwepesi, linalotambaa pembeni mwa kidonda. Lakini si zote zina rangi. Nyingine ni za waridi au nyekundu tu, kama nyama changa ya kidonda kinachopona, na hizo hudanganya hata madaktari. Kwa hivyo usingoje weusi peke yake.

Kwenye kucha, tafadhali tusitishane. Watu wengi wenye ngozi nyeusi wana mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa tangu ujanani, nayo ni ya kawaida. Kinachotia wasiwasi ni mstari mpya kwenye ukucha mmoja tu, unaopanuka, unaoingia kwenye ngozi ya pembeni ya ukucha, au ukucha unaopasuka na kutoa damu bila kugongwa. Damu iliyovilia baada ya kugonga jiwe husogea mbele ukucha unavyokua, ijapokuwa polepole, maana ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kuota wote upya. Weusi usiosogea ndio wa kupeleka hospitali.

Ipo pia saratani ya Kaposi, inayofahamika zaidi katika kliniki za Ukimwi. Huleta madoa au vinundu vya zambarau au vyeusi kwenye nyayo na miguu, na mara nyingi mguu huvimba. Huku Afrika Mashariki ilikuwepo hata kabla ya Ukimwi, hasa kwa wanaume wazee. Mtu mwenye kisukari na virusi vya Ukimwi kwa pamoja, na leo wako wengi kwa sababu dawa zimewapa umri mrefu, amweleze daktari magonjwa yote mawili. Asiende kliniki moja na kuficha daftari la nyingine. Kaposi mara nyingi hupungua kwa dawa za kupunguza makali ya virusi, na ikibidi huongezewa dawa za saratani.

Sasa mtu wa kawaida nyumbani atajuaje? Nitasema kama ninavyowaambia wagonjwa wangu wakati wa kufungua bendeji. Tazama ukingo. Kidonda kinachopona huwa na ukingo uliolala, mwepesi, unaosogea ndani. Ukingo ulioinuka, mgumu, uliojikunja nje kama mdomo wa chungu, si mzuri. Tazama nyama ya ndani. Nyama inayopona hujaa mpaka usawa wa ngozi ikakoma. Nyama inayozidi, ikapanda juu ya ngozi kama koliflawa au uyoga, inataka kuchunguzwa. Tazama damu. Kidonda kinachovuja damu kikiguswa tu na shashi, au kinacholoweka shuka usiku, kina neno la kusema. Harufu pia: saratani iliyopasuka huweza kunuka, na huenda harufu isiishe hata baada ya dawa za viini.

Halafu maumivu. Hapa kisukari hutudanganya. Mguu uliokufa ganzi hauumi, kwa hivyo mgonjwa husema, "Sina shida, hakiniumi." Kutouma si ushahidi wa uzima. Na kama mguu uliokuwa na ganzi kwa miaka umeanza kuuma ndani ya kidonda, usishangilie kwamba fahamu zimerudi. Mwonyeshe daktari.

Papasa pia nyuma ya goti na kwenye kinena cha upande ule ule. Mitoki huvimba kwa sababu ya viini vya kawaida, na kila mtu aliyewahi kupata jipu mguuni anaijua. Lakini mtoki mgumu, usiouma, unaokaa hapo wiki baada ya wiki, usipuuzwe.

Na mahali kidonda kilipo panasema kitu. Kidonda kilichotokea mahali pasipobeba uzito wala kubanwa na kiatu, kwa mfano katikati ya uvungu wa unyayo, au juu ya kovu la zamani, kiulizwe swali tangu siku ya kwanza. Wataalamu wa miguu wana kanuni moja rahisi: rangi isiyo ya kawaida, mashaka juu ya ugonjwa wenyewe, kutoka damu au majimaji, kuzidi kukua licha ya matibabu, na kuchelewa kupona zaidi ya miezi 2. Mawili kati ya hayo yakikutana, mgonjwa apelekwe kwa daktari bingwa.

Nitawapa mfano mmoja. Mzee mmoja fundi wa baiskeli, mwenye miaka sitini na kitu, alikuwa na kisukari na kidonda juu ya kifundo cha mguu. Kwa mwaka mmoja na nusu alifungwa kidonda mara tatu kwa wiki katika kituo kimoja cha afya. Daftari lake lilikuwa limejaa, kila ukurasa maneno yale yale: kidonda cha sukari, kimesafishwa, kimefungwa. Nilifika kwake pamoja na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji hicho, tukiwa katika ziara za kawaida za kupima sukari.

"Shikamoo mzee. Mguu unaendeleaje?"

"Marahaba, sista. Huu ni wa sukari. Tumeshazoeana."

Mkewe alikuwa akipepeta mahindi pembeni. Hakuinua kichwa. "Umwambie na habari ya shuka," akasema.

"Shuka zina nini, mama?"

"Kila asubuhi nafua damu. Zamani hakikuwa hivyo. Na kimeota kitu, kama ua. Yeye hakioni kwa sababu akifungwa anatazama ukutani."

Tulipofungua, palikuwa na nyama iliyopanda juu ya ngozi, ukingo mgumu, na chini yake kovu pana linalong'aa. Nikamuuliza kovu ni la nini. Akasema aliungua na mafuta ya taa akiwa kijana, kabla hajaoa. Katika daftari lote hilo, hakuna mahali palipoandikwa neno kovu. Kinenani alikuwa na mtoki mgumu. Alipelekwa hospitali ya kaunti, kipande kikakatwa, na jibu likarudi: saratani ya ngozi. Mguu ulikatwa chini ya goti. Leo anatembea kwa magongo na bado anatengeneza baiskeli, akiwa amekaa kwenye kigoda na kijana wa jirani akimshikia gurudumu. Lakini kama kipande kile kingekatwa katika miezi ya kwanza, huenda angepoteza ngozi ya upana wa kiganja tu, ikazibwa kwa ngozi kutoka pajani.

Nimekifikiria sana kisa hicho. Wauguzi waliomhudumia hawakuwa wavivu, kidonda kilikuwa kisafi. Shida ni kwamba katika vituo vyetu tunapishana zamu. Leo anafunga huyu, Jumatano yule, Ijumaa mwanafunzi. Kila mmoja anaona kidonda cha siku moja, anasoma jina lililoandikwa na mwenzake, analinakili. Aliyeona mabadiliko ni mtu mmoja tu, mke wake aliyefua shuka, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa hivyo, ndugu msikilizaji, kumbukumbu ya kidonda iwe yenu nyumbani. Andika kwenye kalenda ya ukutani tarehe kidonda kilipoanza. Kila Jumapili, bendeji ikiwa wazi, piga picha kwa simu, na weka sarafu ya shilingi 10 kando yake bila kugusa kidonda ili ukubwa uonekane. Iwe sarafu ile ile na mahali penye mwanga. Mgonjwa asiyeweza kuinamia unyayo wake atumie kioo, au mjukuu amsaidie. Baada ya wiki 4 una picha 4 au 5, na hata daktari ambaye hajawahi kukuona ataona kama kidonda kinakwenda mbele au kinarudi nyuma. Mwambie pia habari ya kovu lolote la zamani, hata kama hakukuuliza.

Na kuna sentensi moja ya kuuliza. Si ya ugomvi, wala hakuna muuguzi mwenye akili atakayekasirika. Sema: "Daktari, kidonda hiki kina miezi mitatu. Je, kimewahi kukatwa kinyama kikapimwa?" Basi.

Kipimo hicho huitwa bayopsi. Unachomwa sindano ya ganzi, kipande kidogo cha nyama kinakatwa, mara nyingi kwenye ukingo ambapo kidonda kinakutana na ngozi, na vizuri zaidi kitolewe mahali zaidi ya pamoja. Daktari kwanza atahakikisha damu inafika vizuri mguuni. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nyama huwekwa ndani ya dawa ya kuhifadhi na kupelekwa maabara yenye mtaalamu wa kutazama chembe kwa darubini. Zahanati haina huduma hiyo, na vituo vingi vya afya pia havina. Majibu huchukua siku au wiki, kwa hivyo acha namba ya simu inayopatikana na uulize tarehe ya kurudi. Jibu lisilochukuliwa halimsaidii mtu.

Sasa nijibu maswali mliyotuma kwa ujumbe mfupi baada ya mada ya leo kutangazwa.

Msikilizaji wa kwanza anasema: "Kwetu wazee husema saratani ikiguswa na kisu inaamka na kusambaa. Je, si bora kuacha?" Hofu hii naielewa, kwa sababu watu wamemwona jirani akipimwa na kufariki baada ya miezi michache. Lakini jirani huyo alifika saratani ikiwa imeshaenea. Kisu hakikuieneza, kilifichua tu. Kuacha kidonda bila kupimwa ndiko kunakoipa saratani muda wa kufika kwenye mitoki na mapafu.

Wa pili anauliza kama majibu yakisema hakuna saratani mambo yamekwisha. Si lazima. Huenda kipande kilichokatwa kilitoka upande ambao haukuwa na ugonjwa. Kama kidonda kinaendelea kukua au kubadilika, omba kipimo kirudiwe. Vidonda vingine vimejulikana kwa kipimo cha pili au cha tatu.

Mama mmoja anasema mumewe anatia unga wa kapsuli ndani ya kidonda na majani yaliyopondwa, na kimekauka juu. Mama, kukauka juu si kupona. Unga na majani huficha ukingo na rangi, yaani vile vitu tunavyotaka kuviona. Na mguu wenye ganzi unaweza kuunguzwa na dawa kali bila mwenyewe kujua. Mwoshee kwa maji safi, mfunge kwa shashi safi, mje kituoni. Mkija, msije mmevificha vile alivyopaka. Tuambieni, hatutamgombeza.

Mwingine anauliza kama kukatwa mguu ni lazima. La. Saratani ndogo hukatwa yenyewe pamoja na ngozi nzima kidogo inayoizunguka, kisha pakazibwa. Kidole au mguu hukatwa kama imeingia kwenye mfupa au imekula sehemu kubwa. Wengine huhitaji kutolewa mitoki au kupigwa miale. Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret zina idara za saratani, na hospitali ya kaunti yako itakuandikia barua ya kwenda huko ikibidi.

Kuhusu gharama: NHIF haipo tena, na tangu Oktoba 2024 huduma za bima ya umma ziko chini ya SHA. Jiandikishe na ulipe mchango wako kabla hujaugua. Kabla ya bayopsi, uliza kwenye dirisha la bima la hospitali ni sehemu gani italipiwa na ni ipi utalipa mwenyewe, ili usikatwe nyama leo halafu ikose nauli ya kwenda maabara.

Swali la mwisho limetoka kwa kijana aliyeandika hivi: "Sista, baba ana kidonda unyayoni tangu Pasaka na hataki mtu akione." Mwanangu, usimlazimishe mbele ya watu. Mwombe umwoshee miguu jioni, maji yakiwa ya vuguvugu tu na uyapime kwa kiwiko chako, kwa sababu yeye hasikii moto. Ukiwa umeinama hapo utaona ukingo, nyama na rangi bila ya kufanya mahojiano. Halafu nenda kwa mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu umweleze ulichokiona, naye atapita kwenu kana kwamba amekuja kupima sukari ya kila mtu. Kwa wazee wengi njia hiyo hufaulu.

Wiki ijayo wakati kama huu tutazungumzia viatu: jinsi ya kuchagua akala, raba na gambuti kwa mguu wenye ganzi. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kwaherini.